Jina na Alama: Historia ya Kuwatambua Ndege kwa Maumbile Yao katika Kiswahili, kwa Kuitazama Mpanda na Katavi



1. Utangulizi

Kwa muda mrefu wanaisimu wa Kiswahili wameyachukulia majina ya ndege kuwa ni kazi ya wataalamu wa wanyama, nao wataalamu wa wanyama wameyaachia mikono ya wanaisimu. Matokeo ya kuachiana huko ni kwamba fungu hili la msamiati limebaki kama shamba lisilo na mwenyewe: kila apitaye huchuma, wala hakuna apaliliaye. Si nadra kufungua kamusi ya lugha yetu na kukuta fasili inayoishia kusema kwamba neno fulani ni "aina ya ndege". Fasili ya namna hiyo haimsaidii mwanafunzi, haimsaidii mkulima, na kwa hakika haimsaidii mtu aliyesimama kando ya mto Katuma wakati wa kiangazi, mbele yake kukiwa na ndege sita warefu wa miguu ambao kamusi ingetaka awaite wote kwa jina moja.

Katika mhadhara huu tunakusudia kutetea hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba jina la ndege, mara nyingi, ni maelezo yaliyofupishwa: aliyelitunga aliteua alama moja katika umbo, sauti au mwenendo wa ndege, akaifanya alama hiyo kuwa jina. Ya pili ni kwamba Kiswahili Sanifu, kwa sababu za kihistoria, kilirithi zaidi majina ya ndege wa pwani kuliko ya ndege wa bara. Ya tatu ni kwamba pengo lililotokana na urithi huo lina gharama yake, na gharama hiyo huonekana waziwazi katika eneo kama Katavi, ambako lugha za wenyeji zenye majina hayo zinazidi kuipisha lugha yetu hii tunayoienzi.

2. Mahali penyewe

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni kongwe zaidi kuliko mkoa: ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Makao yake yako Sitalike, kusini mwa mji wa Mpanda. Ndani yake mna misitu ya miombo, mbuga za majani, na maziwa ya msimu ya Katavi na Chada ambayo hufurika masika na kukauka kiangazi. Mabadiliko hayo ya maji ndiyo yanayoifanya hifadhi hii kuwa na zaidi ya spishi 400 za ndege, kwa kuwa ndege wa miombo, wa mbuga na wa majini hukutana katika eneo moja.

Kwa mwanaisimu, eneo hili lina mvuto wa pekee. Katika mpangilio wa Malcolm Guthrie wa lugha za Kibantu, Kibende kimewekwa katika kanda F pamoja na Kitongwe, Kisukuma na Kinyamwezi, ilhali Kipimbwe na Kirungwa vimewekwa katika kanda M pamoja na Kifipa. Wakonongo nao wana uhusiano wa karibu na Wanyamwezi. Kwa maneno mengine, mpaka wa kanda mbili za lugha unapita katika nchi hii, na ndege mmoja anayeruka kutoka Karema hadi Mpimbwe huvuka mpaka huo bila kubadilisha rangi ya unyoya hata mmoja, lakini jina lake laweza kubadilika.

Historia ya karne iliyopita iliuchanganya zaidi mkusanyiko huo. Madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda yaliifanya serikali ya kikoloni ijenge tawi la reli kutoka Kaliua, lililofika Mpanda mwaka 1950, na vibarua wakaja kutoka pande nyingi. Mwaka 1972 yalianzishwa makazi ya Katumba kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo. Wafugaji wa Kisukuma nao walihamia kwa wingi. Jamii zenye lugha mbalimbali kiasi hicho zilihitaji lugha moja ya kuelewana, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Hapo ndipo swali letu linapoanzia: je, lugha iliyokuja kuwaunganisha watu hawa ilikuja na majina ya ndege waliowakuta?

3. Urithi wa pwani

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma. Kamusi kubwa ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, nayo ilijengwa hasa juu ya lugha ya Mombasa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Mwaka 1939 ulishuhudia kutolewa kwa kamusi sanifu ya Frederick Johnson, na mwaka huohuo ukaanza kutoka mkusanyiko wa Padre Charles Sacleux, aliyeishi miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo na aliyekuwa pia mpenzi wa elimu ya mimea. Kazi hizi ndizo nguzo za leksikografia yetu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilisimama juu ya nguzo hizo.

Hakuna aibu kusema kwamba nguzo hizo zilichimbiwa katika mchanga wa pwani. Mvuvi wa Unguja alihitaji kumtofautisha membe na mwari, naye aliwatofautisha. Mkulima wa Pemba alihitaji kutenganisha tetere, pugi na ninga, wote wakiwa jamii ya njiwa, naye alifanya hivyo. Pugi ni mdogo, ninga ni wa kijani kibichi. Tofauti ya ukubwa na ya rangi ilitosha kuzaa maneno matatu yasiyohusiana kabisa kwa mzizi. Lakini ndege wa mabwawa ya bara hawakuwa mbele ya macho ya waliohojiwa na Krapf, Johnson na Sacleux. Waliingizwa katika msamiati kwa mkupuo, chini ya majina mapana.

Mfano ulio wazi zaidi ni korongo. Neno hili hutumika kwa ndege ambao wataalamu wa wanyama huwaweka katika familia tofauti kabisa. Katika mabwawa ya Katavi, maji yanapopungua na samaki na konokono kukusanyika katika vidimbwi, hukutana korongo mkubwa mwenye mdomo mwekundu na mweusi uliobebeshwa ngozi ya njano kama tandiko la farasi; korongo mweupe mwenye mdomo wa njano na uso mwekundu usio na manyoya; korongo mweusi ambaye taya zake hazikutani katikati, zikaacha uwazi unaomfaa katika kula konokono; na korongo mfukoshingo, mwenye kichwa cha upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Kando yao hutembea korongo taji, ambaye kwa nasaba si ndugu yao hata kidogo, na jamii ya kulastara na yangeyange ambao mgeni huwachanganya nao.

Macho ya mwenyeji hayawachanganyi. Mtu akitazama shingo peke yake wakati ndege wanaporuka, atapata alama ya kuaminika: kulastara na yangeyange huikunja shingo, korongo huinyoosha. Na hata alama hiyo ina kighairi, kwa maana korongo mfukoshingo huirudisha shingo yake nyuma arukapo. Anayekijua kighairi hicho hawezi kukosea. Hoja yetu ni kwamba ujuzi huu upo, lakini Kiswahili Sanifu hakijaupa maneno ya kutosha.

4. Jinsi jina linavyobeba alama

Tuyatazame sasa majina yenyewe kwa jicho la mofolojia. Majina ya ndege katika Kiswahili yana tabaka zisizopungua tatu.

Tabaka la kwanza ni la maneno ya kale ya Kibantu, ambayo mzungumzaji wa leo hawezi kuyachambua. Kanga, kwale na pungu ni miongoni mwake. Mizizi yake imeundwa upya na wataalamu wa Mame-Bantu, na Msukuma anayesema nkanga humwelewa Mswahili anayesema kanga bila mkalimani. Nyuni, neno la kale la ndege kwa jumla, ni la tabaka hilohilo, ingawa ndege limelisukuma pembeni katika matumizi ya kila siku. Maneno haya hayaelezi kitu tena; yanataja tu. Umri wake ndio ushahidi wake: ndege hawa walijulikana na wazee wetu kabla ya Kiswahili kuwa Kiswahili.

Tabaka la pili ni la sauti. Hondohondo na keremkerem yana uradidi unaotukumbusha ndege mwenye kurudia mlio. Hatupaswi kulidharau tabaka hili kwa kulinganisha na umbo. Wapo ndege ambao umbo halisaidii. Virukanjia, wanaotua barabarani usiku, wana manyoya ya rangi ya majani makavu yanayofanana mno baina ya spishi na spishi, na hata mtaalamu hutegemea sikio kuliko jicho. Jina lenyewe kirukanjia limekwepa umbo, likachukua mwenendo: ndege aliyelala njiani ambaye huruka unapokaribia.

Tabaka la tatu, ambalo ndilo kiini cha mhadhara huu, ni la maumbile na vitendo, na hapa Kiswahili kinaonyesha uwezo mkubwa wa uundaji. Tuchukue kigong'ota: kiambishi ki- pamoja na kitenzi gong'ota, na ndege mzima amejengwa kwa kazi ya mdomo wake juu ya shina la mti. Tuchukue kijumbamshale, ambaye jina lake limebeba mshale ndani yake. Mwenye kumwona akipasua hewa hahitaji kuelezwa zaidi. Tuchukue fundichuma, ndege wa rangi ya kahawia ambaye kichwa chake, kwa mdomo uliotokeza mbele na kishungi kilichotokeza nyuma, kina umbo la nyundo. Hatimaye tuchukue domomwiko. Domo si mdomo wa kawaida; kudondoshwa kwa m- kumeleta ukubwa. Mwiko ni chombo cha kila jiko. Neno zima, hata hivyo, halitaji mdomo wala mwiko, bali ndege mwenye mdomo wa namna hiyo. Wanaisimu huliita umbo la aina hii ambatani isiyo na kichwa ndani yake. Mama anayesonga ugali angemtambua ndege huyu mara ya kwanza, bila kitabu.

Jambo la kuzingatia ni upatanisho. Domo peke yake huchukua upatanisho wa li-, na mwiko wa u-. Lakini domomwiko huyu anazama, hauzami wala halizami. Sarufi yenyewe inashuhudia kwamba alama imekwisha kugeuka kiumbe.

5. Namna ya Ulaya, na namna yetu

Elimu ya ndege ya Ulaya ilifika katika nchi hii kwa njia nyingine. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walianzisha kituo Karema, kwenye ufuko wa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Katika miaka hiyohiyo msafara wa Kijerumani ulikuwa ukifanya kazi kusini mwa Tabora, na mmoja wa wanachama wake alikuwa Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama. Mwenzake Emil Kaiser alifariki karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1882. Böhm mwenyewe alifariki Katanga mwaka 1884, akiwa hajatimiza miaka 30. Ngozi za ndege alizokusanya zilipelekwa Berlin, ambako Anton Reichenow alizichunguza. Ndiyo maana leo wako keremkerem, kijumbamshale na shore wa kukamata nzi ambao majina yao ya kisayansi yana neno boehmi.

Tulinganishe. Keremkerem huyo ana utosi wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, mwili wa kijani na manyoya mawili marefu membamba ya mkia. Kijumbamshale huyo ana tumbo jeupe na mkia mfupi mno hata hudhaniwa hana. Jina boehmi halisemi lolote kati ya hayo. Linamkumbuka mtu, halimwelezi ndege. Hatusemi kwamba ni kosa kumkumbuka mtu aliyefia kazini. Tunasema kwamba ni falsafa tofauti ya utoaji majina, na kwamba wenye falsafa hiyo nao wameanza kuihoji: mwaka 2023 Jumuiya ya Wanaonitholojia ya Marekani ilitangaza nia ya kubadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake yanayotokana na majina ya watu, ili mahali pake pawekwe majina yenye kueleza.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba katika karne ya 19 ndege alitambuliwa baada ya kuuawa. Ngozi ilipimwa mezani. Kumtambua ndege aliye hai, kwa alama chache zinazoonekana kwa mbali, kulipata mwongozo wake mashuhuri kwa kitabu cha Roger Tory Peterson, Mmarekani, mwaka 1934, ambamo vistari vidogo vilielekeza jicho kwenye alama ya kila ndege. Mwongozo wa John Williams kwa Afrika Mashariki na Kati ulitoka mwaka 1963. Lakini je, kistari cha Peterson na jina domomwiko havifanyi kazi moja? Vyote viwili humwambia mtazamaji: tazama hapa. Tofauti ni kwamba kimoja huhitaji kitabu, na kingine huhifadhiwa ulimini.

Wapo walioliona jambo hili mapema. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika Usambara tangu mwaka 1928, alichapisha katika miaka ya mwanzo ya 1940 maandishi kuhusu majina ya ndege ya kaskazini-mashariki ya Tanganyika, akiyachukulia majina ya wenyeji kuwa ni elimu inayostahili kuchunguzwa. Kwa upande wa magharibi, orodha ya ndege wa Bonde la Rukwa ya Vesey-FitzGerald na Beesley ilichapishwa mwaka 1960, ikiwa ni tunda la miaka ya udhibiti wa nzige wekundu katika bonde hilo. Mzigo wa kuyakusanya majina ya wenyeji wa Rukwa na Katavi kwa kiwango cha Moreau bado uko mabegani mwetu.

6. Gharama ya kutotambua

Huenda mtu akauliza: ikiwa ndege yupo, jina lina faida gani? Jibu liko katika mashamba ya mpunga na mtama. Kweleakwelea huja kwa makundi makubwa mno na kuangamiza mavuno. Serikali hupambana nao kwa kunyunyiza sumu ya fenthioni kutoka angani, na sumu hiyo haichagui. Dume la kweleakwelea wakati wa kuzaliana ana mdomo mwekundu na uso mweusi kama aliyevaa barakoa, na ndiye anayetambulikana kwa urahisi. Lakini jike wakati huohuo mdomo wake hugeuka njano, na nje ya msimu huo wote wawili hubaki na manyoya ya kahawia hafifu. Hapo wanafanana na mnana wengine ambao si adui wa mkulima kwa kiwango hicho. Mkulima anayepeleka taarifa kwa bwana shamba akitumia neno "ndege wadogo" amepeleka nusu ya taarifa. Anayetaja rangi ya mdomo na ya uso amepeleka taarifa inayoweza kuokoa mavuno yake na, pengine, maisha ya ndege wasiohusika.

Alama ndogo huweza kuwa na uzito mkubwa hata kwa wanasayansi wenyewe. Hondohondo wa maeneo ya Ruaha alielezwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2002, na mojawapo ya hoja ilikuwa rangi nyeusi ya ngozi inayozunguka jicho lake. Si wataalamu wote wanaoukubali uamuzi huo, lakini mjadala wenyewe umesimama juu ya kipande cha ngozi kisichozidi ukubwa wa shilingi. Vivyo hivyo mumbi dume na jike hutofautishwa kooni: dume ana ngozi nyekundu tupu, jike ana doa la samawati katikati ya wekundu huo. Lugha isiyo na desturi ya kutaja koo, kisogo, utosi, kishungi na ukingo wa jicho haiwezi kuuendesha mjadala kama huo. Kiswahili kina maneno hayo yote. Kilichokosekana ni kuyatumia katika fasili za kamusi.

7. Hitimisho

Mabibi na mabwana, Kiswahili katika Katavi ni mrithi na ni sababu ya upotevu kwa wakati mmoja. Ni sababu, kwa kuwa mtoto wa Mpanda anayekua kwa Kiswahili hatayapata majina ambayo babu yake Mbende au Mpimbwe aliyajua. Ni mrithi, kwa kuwa ikiwa majina hayo yatapata pa kuishi, patakuwa ndani ya Kiswahili. Kazi imekwisha kuanza: msamiati wa Kibende wa Yuko Abe ulichapishwa Tokyo mwaka 2006, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009. Lakini msamiati unaomweleza ndege kwa neno moja la Kiingereza umemtoa gizani na kumwingiza katika giza jingine.

Tunapendekeza mambo mawili tu. Kwanza, mwanafunzi anayekwenda kukusanya majina ya ndege aende na mtaalamu wa ndege, au angalau na picha, ili kila jina lifungwe kwenye alama zake: mdomo, miguu, shingo, rangi, mlio. Jina lisilo na alama ni sauti tupu. Pili, pale ambapo Kiswahili Sanifu hakina jina, tutafute kwanza katika Kibende, Kipimbwe, Kikonongo na Kifipa kabla ya kutafsiri. Karani tamba ni jina zuri, lakini taswira yake ya karani na kalamu ya unyoya ilisafiri kutoka Ulaya. Domomwiko halikusafiri kutoka popote, lilitoka jikoni.

Wazee wenye majina hayo wako hai, na idadi yao haiongezeki. Wanafunzi wa isimu mlioko katika ukumbi huu mna miguu yenye nguvu na reli inafika Mpanda. Kazi hii ni yenu.